Mtoto na Apimwe Kabla ya Kuhukumiwa



Miezi miwili iliyopita tulipokea barua ya mama mmoja katika hawa wenzetu waliohamia Marekani, ambako sisi nasi twasomesha chuo. Mwanawe ametimia miaka 4, na mwaka wa skuli ujao ataingia darasa la kindagateni, yaani lile ambalo kwetu pwani tuliliita darasa la vidudu. Asema mtoto huyo hajaweza kuunga maneno matatu pamoja, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Akiitwa mara huitika na mara haitiki. Na wenziwe wakicheza, yeye hukaa kando akizungusha gurudumu la kigari chake. Daktari amemwambia angoje. Jirani amemwambia watoto wa kiume huchelewa kusema. Mama mkwe amemwambia mtoto ametupiwa jicho. Mwisho atuuliza: "Maalim, nimpeleke skuli ninyamaze, au niwaambie? Nikiwaambia, je, hawatamtia katika darasa la wajinga akakaa humo hata awe mtu mzima?"

Swali hili tumeulizwa mara nyingi, aghlabu mlangoni baada ya darasa, kwa sauti ya chini kama ya mtu aulizaye jambo la aibu. Kwa hivyo twalijibu hapa mbele ya wote. Jawabu yetu ni kwamba awaambie, na awaambie kwa maandishi, na awaambie sasa, mtoto hajakanyaga darasani. Na ile khofu yake ya darasa la wajinga si khofu ya bure. Jambo hilo limewahi kutokea, nasi tutalieleza; lakini dawa yake si kunyamaza.

Kabla ya kuwafundisha wengine yatupasa tukiri la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa miaka 5, mtoto wa watu waliotoka kambini, mpole, mwenye kutazama sana. Akisoma pamoja na wenziwe hukumsikia akikosea. Akisomeshwa peke yake, herufi zilimpotea. Sini, shini, thaa na sadi kwake zilikuwa kitu kimoja, na mara nyingine hakuzitamka kabisa. Tulimrejesha mara tatu katika ubao ule ule. Tukimwita kwa nyuma haitiki. Tukasema ni kiburi. Tukamweka mwisho wa safu, mahali pa wakaidi, tukamwita baba yake tukamwambia, "Bwana, mwanao ni mkaidi, umkanye." Baba akamkanya kwa namna aliyoijua. Hilo nalo liko shingoni mwetu.

Skuli aliyosoma asubuhi nayo ilikuwa na kauli yake: mtoto hajui Kiingereza, akae asikilize, kitamwingia. Wakangoja mwaka, wakangoja na wa pili. Alipokuwa na miaka 7, mama yake, ambaye hakupata kusoma ila juzuu chache, alikwenda kwa mtu wa kumwandikia, ikaandikwa barua ya mistari minne kuomba mtoto apimwe. Akapimwa. Ikaonekana kwamba masikio yake yote mawili hayazipati vema sauti nyembamba. Na sini na shini na thaa ndizo sauti nyembamba zenyewe. Asiyezisikia atazitamkaje? Kumbe muda wote ule alikuwa akisoma kwa kutazama midomo yetu, na sisi tulikuwa tumemweka mwisho wa safu.

Siku aliyokuja chuoni mara ya kwanza na vyombo vyake vya kusikilizia, alisimama katikati ya darasa, akatazama juu, akauliza ni nini ile iliayo. Ilikuwa feni. Ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa chake kwa miaka miwili.

Huko Marekani watoto karibu wote wanaozaliwa hospitali hupimwa masikio kabla ya kutoka na mama zao. Mtoto aliyezaliwa kambini hakupata kupimwa huko. Na hata aliyepimwa akaonekana mzima aweza kupungukiwa baadaye, kwa maradhi au kwa jambo la uzao lililochelewa kujitokeza. Basi mzazi asiseme, "Alipozaliwa walisema hana kitu."

Sasa tuitazame sheria, maana wengi wetu twadhani kwamba kumwomba mkuu wa skuli jambo kama hili ni kumwomba fadhila. Si fadhila. Rais Gerald Ford aliitia sahihi sheria yenyewe tarehe 29 Novemba 1975. Kabla yake, kwa hesabu iliyoandikwa na Bunge la nchi hiyo, watoto zaidi ya 1,000,000 wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje ya skuli za umma kabisa, na wengine wengi walikaa madarasani pasina msaada uwafaao. Mwaka 1990 sheria hiyo ilipewa jina la Sheria ya Elimu ya Watu wenye Ulemavu, na watu huifupisha kwa herufi nne, IDEA. Ikatengenezwa tena mwaka 2004. Inamhusu mtoto tangu miaka 3 mpaka 21, na aliye chini ya miaka 3 ana sehemu yake mbali. Kwa hivyo mtoto wa miaka 4 hangoji kindagateni. Haki yake imekwisha kuanza.

Tena sheria hiyo imeilazimisha kila wilaya ya skuli kuwatafuta watoto wenye haja hiyo, wakiwamo wahamao huku na huko na wasio na makao, hata wale wanaopandishwa darasa kila mwaka kana kwamba hawana tatizo. Lakini kulazimishwa ni jambo moja na kutenda ni jingine. Mwalimu mwenye watoto 25 hamwoni upesi mtoto mtulivu. Humwona yule avunjaye viti. Hapo ndipo mzazi anapohitajiwa, naye amepewa haki ya kuanzisha jambo mwenyewe. Gharama ya upimaji si juu yake hata senti moja. Na kama khofu yake ni ya hati za uhamiaji, ajue kwamba Mahakama Kuu ya Marekani ilikata shauri mwaka 1982, katika kesi iitwayo Plyler na Doe, kwamba jimbo halina ruhusa ya kumnyima mtoto skuli ya umma kwa sababu ya kukosa hati.

Tuje kwenye lile darasa la wajinga. Katika jimbo la California, watoto 9 wa asili ya Meksiko, ambao nyumbani kwao husemwa Kispaniola, walipimwa akili kwa Kiingereza, wakaonekana punguani, wakatiwa katika madarasa ya punguani. Wazazi wao wakashitaki. Watoto walipopimwa tena kwa lugha yao, wengi wao walionekana hawakustahili kuwamo humo hata siku moja. Shauri hilo, liitwalo la Diana, lilimalizika mwaka 1970 kwa mapatano kwamba mtoto apimwe kwa lugha yake. Baadaye jambo hilo likaingizwa katika sheria ya nchi nzima: mtoto apimwe kwa lugha na kwa njia itakayoonyesha kweli ajualo na awezalo, ila ikiwa haiwezekani kabisa, asihukumiwe kwa mtihani mmoja peke yake, na asihisabiwe kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ya kushindwa kwake ni kutojua Kiingereza, au kwamba hakupata kufundishwa vema kusoma na hesabu.

Fikirini hapo. Mtoto wa Kiswahili yumo baina ya dhuluma mbili. Moja ni kuambiwa mjinga kwa sababu hajui lugha ya wenyeji. Ya pili ni kuachwa na tatizo lake la kweli kwa sababu kila akishindwa husemwa ni lugha tu, ngojeni. Ya kwanza iliwapata watoto wa California. Ya pili ilimpata yule wetu. Zote mbili zilikuja kwa njia moja, ya kumhukumu mtoto pasina kumpima kwa insafu.

Sisi walimu wa chuo tuna kipimo chetu kidogo katika jambo hili, wala hatudai kuwa ni cha wataalamu. Mtoto ambaye shida yake ni Kiingereza tu, nyumbani husema na kuhadithia na kugombana na nduguze kwa Kiswahili kama watoto wote, na chuoni hujifunza alifu na bee pamoja na wenziwe, maana Kiarabu ni kigeni kwao wote. Lakini ikiwa Kiswahili chake nacho ni kizito, na herufi za Kiarabu nazo hazikai, na kucheza nako kuna jambo, hapo Kiingereza kisisingiziwe. Mama aliyetuandikia aliyataja hayo mwenyewe bila kujua uzito wake: si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza.

Basi barua iandikweje? Tumeona barua nyingine zikilalamika kurasa tatu zisiseme wanataka nini. Isiwe hivyo. Na iwe kama hii, kisha ifasiriwe kwa Kiingereza na mtu akijuaye vema:

"Kwa Mkuu wa Skuli, na kwa Msimamizi wa Elimu Maalumu wa Wilaya. Mimi ni mama wa mtoto fulani, aliyezaliwa tarehe fulani, naye ataingia darasa la kindagateni mwaka huu. Naomba apimwe kwa ukamilifu, kwa mujibu wa sheria ya IDEA, ijulikane kama ana haja ya elimu maalumu. Mambo yanayonitia wasiwasi ni haya. Lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili; naomba apimwe kwa lugha hiyo pamoja na Kiingereza. Mimi nahitaji mkalimani na karatasi zilizofasiriwa. Naomba niletewe karatasi ya ridhaa niitie sahihi."

Pale penye "mambo yanayonitia wasiwasi" ndipo pa kukaa na kufikiri, maana hapo mzazi ana elimu asiyokuwa nayo mtaalamu yeyote. Msiandike kwamba mtoto ni mzito au ana akili fupi. Hayo ni matusi, wala hayamwambii mtu kitu. Andikeni mliyoyaona. Aitwa mara tano kwa nyuma, aitika mara moja. Husogeza uso karibu na kitabu mpaka pua iguse karatasi. Akila hushika kijiko kwa ngumi, na vifungo vya shati havimudu, na mdogo wake avimudu. Asema maneno kumi, na tangu Ramadhani hajaongeza jipya. Hurudia maneno ya mwenziwe badala ya kujibu. Huanguka ngazini. Huziba masikio akisikia mashine ya kufulia. Jambo likisemwa namna hii, huwa dhahiri wapi pa kumpima: masikio, macho, matamshi, mikono na miguu, akili, au namna ya kuchanganyika na watu, na sheria yataka apimwe katika kila upande anaoshukiwa. Ikiwa kuna karatasi za kliniki, nakala zake ziambatishwe. Na ikiwa maalim wake wa chuo ameona jambo, naye aandike mistari yake. Sisi sasa twaandika, baada ya funzo tulilolipata.

Barua hiyo itiwe tarehe na kupelekwa kwa mkono, na mzazi abaki na nakala iliyopigwa muhuri au kutiwa sahihi na aliyeipokea. Wakati mwema ni miezi ya Februari na Machi, kwa maana skuli hufungwa mwezi wa Juni na wapimaji wengi hutawanyika. Lakini aliyechelewa asiseme limempita. Haki haina msimu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hukosea. Wadhani siku zahesabiwa tangu walipopeleka barua. Sivyo. Zahesabiwa tangu wilaya ipokee ile karatasi ya ridhaa iliyotiwa sahihi na mzazi. Tangu hapo sheria kuu imeweka siku 60 upimaji uwe umekwisha, ila ikiwa jimbo limeweka muda wake lenyewe. Kwa hivyo karatasi ya ridhaa isipokuja, iulizwe. Na ikija, isikae juu ya kabati. Na kutia sahihi ya kupimwa si kutia sahihi ya kuwekwa katika darasa lolote. Hiyo ni ridhaa nyingine, yatakiwa mbali, na mzazi aweza kuikataa. Huyo mama aliyeogopa darasa la wajinga na asome maneno haya mara mbili.

Wilaya nayo yaweza kukataa kumpima mtoto, lakini si kwa neno la mdomo mlangoni. Yapaswa itoe karatasi yenye sababu zake, na mzazi aweza kuipinga. Mkiambiwa, "Tutamsaidia kwanza darasani tuone, kisha tutamfikiria," msaada huo upokeeni, lakini barua msiiondoe. Wizara ya Elimu ya Marekani iliwaandikia wakurugenzi wa elimu maalumu wa majimbo yote mwaka 2011 kwamba msaada wa namna hiyo usifanywe sababu ya kuchelewesha upimaji wala kuunyima. Na mtoto akisha kupimwa, ikiwa mzazi hakuridhika na majibu, aweza kuomba apimwe na mtaalamu mwingine asiye wa wilaya, kwa gharama ya umma. Na hapo wilaya ama hulipa, ama huenda mbele ya msikilizaji wa mashauri kuthibitisha kwamba upimaji wake ulikuwa sawa.

Mtoto akionekana ana haja, watu hukutana katika muda wa siku 30 kumwandikia mpango wake mwenyewe wa masomo, na mzazi ni mmoja wa watungaji wake, si mgeni aliyekuja kusikiliza. Wengi wa watoto hawa hubaki darasani na wenziwe, wakatolewa kwa saa chache kwa mtaalamu wa matamshi au mwalimu wa kusomesha polepole; na sheria yenyewe yataka wasitengwe na wenziwe ila kwa haja.

Nanyi vijana, hapa tuna neno nanyi. Twajua ninyi ndio makarani wa nyumba zetu: barua ya umeme, barua ya hospitali, simu ya skuli, yote hupita midomoni mwenu. Kuifasiri barua ya kuomba upimaji ni kazi njema, ifanyeni. Lakini katika mkutano wenyewe msikubali kuwa wakalimani. Tulimjua binti wa miaka 13 aliyeketi baina ya mama yake na wataalamu watano, wakasema mdogo wake ana usonji, yeye akamwambia mama, "Wamesema ataendelea vizuri." Hakukusudia uwongo. Alimwonea mama yake huruma. Wilaya imelazimishwa kuhakikisha mzazi afahamu yanayosemwa, na mkalimani ni katika hilo. Na aitwe, naye alipwe na wao.

Wako waliowapeleka watoto wao katika skuli za Kiislamu za kulipia, wakadhani kwamba kwa kufanya hivyo wametoka katika sheria hii. Hawakutoka. Wilaya ambamo skuli hiyo imo ndiyo yenye wajibu wa kuwatafuta na kuwapima watoto wake, pia bila malipo. Huduma watakazopata baada ya hapo huenda zisilingane na za skuli ya umma, na jambo hilo mzazi alipime mwenyewe. Lakini upimaji ni haki yao sawasawa. Walimu wakuu wa skuli zetu walijue hili, maana tumesikia watoto wakirudishwa majumbani kwa maneno kwamba "skuli yetu haina mahali pa mtoto kama huyu," pasina kuambiwa hata waende wapi.

Na kuhusu jicho. Tumeletewa watoto wengi tuwaandikie kombe, nasi huwaandikia na kuwaombea, wala hatumkatazi mtu dua. Lakini siku hizi tunapoandika kombe twamuuliza mzazi kwanza: barua umepeleka? Maana zafarani haipimi masikio, na Bwana Mtume (s.a.w.) ametuamuru kutafuta dawa. Na mwenye kuona aibu na amkumbuke Abdullahi bin Ummi Maktum, ambaye alikuwa kipofu, akawa muadhini wa Mtume pamoja na Bilali, na Mtume akimwachia Madina aswalishe watu yeye asipokuwapo. Hakufichwa chumbani wageni walipokuja.

Mama aliyetuandikia hatukumngojesha mpaka gazeti hili lipigwe chapa. Tulimpigia simu siku ile ile, na jirani yake akamwandikia barua. Ofisi ya wilaya ikaipokea, nakala ikapigwa muhuri. Karatasi ya ridhaa ikamjia kwa Kiingereza kitupu. Akairudisha, akaomba ya Kiswahili, akapewa baada ya juma moja, akasomewa, akatia sahihi. Siku ile aliitia duara katika kalenda ya msikiti iliyo ukutani jikoni kwake, na kila asubuhi huongeza alama. Tulipozungumza naye juzi alikuwa amefika alama ya 19, na mtaalamu wa matamshi amekwisha kuja mara moja, pamoja na mkalimani wa Kiswahili. Naye mtoto alimpa yule mkalimani kigari chake akishike.

Wassalaam.